Pikipiki yenye rejeta inachemsha? Pima kwanza kabla hujanunua spea wala kung'oa thamostati

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye pikipiki zinazopozwa kwa maji: Pulsar NS200, KTM Duke, CBR250R, Ninja, pamoja na guta za mizigo za matairi matatu zenye rejeta. Wenye Boxer na TVS HLX mtaniwia radhi, injini zenu zinapozwa kwa upepo na habari yake ni nyingine.

Nimeandika kwa sababu mtu akilalamika kwamba pikipiki inachemsha, anapewa orodha ya vitu vya kununua: rejeta, pampu, feni, sensa. Mwingine anamwambia ang'oe thamostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto) atie maji ya bomba. Hela inakwenda na ugonjwa unabaki palepale. Injini hizi zina aluminiamu nyingi, na joto likizidi mara chache tu hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) inapinda. Inauma kuona injini nzima inakufa kwa kosa la mfuniko wa bei ndogo.

Kabla hujashika spana, jibu swali moja: inachemsha WAKATI GANI? Kwenye foleni tu? Mlimani na ukiwa na mzigo? Dakika chache baada ya kuwasha? Au ukishazima? Kila jibu linakupeleka sehemu yake. Fundi asiyekuuliza hivyo anabahatisha kwa pesa yako.

Na hakikisha kwanza kwamba kweli inachemsha. Injini ya maji kufika nyuzi 100 hadi 105 kwenye foleni ya Dar saa nane mchana, feni ikawaka, joto likashuka, feni ikazima, hiyo ni injini nzima. Feni za pikipiki nyingi zimepangwa kuwaka karibu na nyuzi 100. Upepo wa moto unaokupiga mapajani maana yake rejeta inafanya kazi. Dalili za ugonjwa ni taa nyekundu ya joto, maji kufurika kutoka tanki la akiba, harufu tamu ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), nguvu kupungua, au injini kugonga ukifungua resi.

Sasa mtu atauliza, maji si yanachemka kwa nyuzi 100? Usawa wa bahari na kwenye chombo kilicho wazi, ndiyo. Mfuniko wa rejeta ndio unaobadili hesabu. Una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inashikilia shinikizo mpaka kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 1.1, yaani bar 1.1. Kwa shinikizo hilo hata maji matupu pale Tanga hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na ukiwa na kulanti nusu kwa nusu yanavumilia zaidi. Ile ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa, ili maji yaliyosukumwa kwenye tanki la akiba yavutwe kurudi rejeta. Springi ikilegea au mpira ukikakamaa, shinikizo halikai. Walio nyanda za juu wanaumia zaidi: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko maji kwenye chombo wazi yanachemka kwa takriban nyuzi 94. Kama mfuniko umekufa na ndani una maji matupu, yatachemka kabla feni haijaamka.

Kwa hiyo anzia hapo, na anza injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi. USIFUNGUE mfuniko wa rejeta ya moto. Ukiufungua, shinikizo linaondoka ghafla na maji ya nyuzi 110 yanageuka mvuke palepale, usoni kwako. Kama huwezi kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo, bado haijapoa.

Fungua, tazama ndani ya rejeta yenyewe. Wengi huangalia tanki la akiba tu, wakiona liko kwenye mstari wanaridhika. Tanki linaweza kujaa huku rejeta iko nusu, kwa sababu ile vali ndogo haivuti maji kurudi. Na maji yakipungua ndani, sensa inabaki hewani, haigusi maji, hivyo geji inaweza kusoma joto dogo wakati hedi inaungua. Hii imeua injini za watu waliokuwa wanaitazama dashibodi muda wote.

Kama rejeta imepungua, yamekwenda wapi? Tafuta alama ya kulanti iliyokauka, huwa inaacha utando wa rangi: kwenye bana za mipira, kwenye maungio ya rejeta, na chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini kilichowekwa makusudi. Kikitoa kulanti, sili ya upande wa maji imekwisha. Kikitoa oili, sili ya upande wa oili ndiyo iliyokwisha. Usikizibe kwa gundi, maana kikizibwa maji yatatafuta njia ya kuingia kwenye oili. Tandika boksi safi chini ya pikipiki usiku, asubuhi litakuonyesha.

Kama maji yamejaa, rudi kwenye lile swali.

Foleni tu, ukikimbia inapoa: shida iko kwenye feni au umeme wake. Ukiwa mwendoni upepo unaifanyia feni kazi, ukisimama inabidi ijifanyie yenyewe.

Mlimani, ukiwa na mzigo au mwendo mkubwa, lakini foleni iko sawa: feni haina kosa. Ama rejeta imeziba (nje kwa tope au ndani kwa chumvi), ama pampu haisukumi vizuri, ama thamostati haifunguki yote, ama injini inapata hewa nyingi mno na petroli kidogo. Usisahau breki inayoshika wakati wote na klachi inayoteleza, zote zinailazimisha injini kufanya kazi ya ziada. Na kagua oili: ikipungua, joto lote linaangukia maji.

Dakika chache tu baada ya kuwasha: hewa imenasa ndani, thamostati imekwama imefungwa, pampu haizunguki, au gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na silinda) imeachia.

Ukishazima ndipo maji yanachemka na kufurika: mfuniko. Baada ya kuzima, maji hayazunguki tena lakini chuma bado kina joto, hivyo nyuzi zinapanda kidogo kwa muda. Mfuniko mzima unalihimili hilo. Na feni kuendelea kuzunguka baada ya kuzima ni kawaida kwa baadhi ya pikipiki, usiende kukata waya.

Karibuni. Ukileta tatizo, taja pikipiki, taja inachemsha wakati gani, na ndani umeweka nini.

Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu umeniwahi. Nina guta ya cc 250, nabeba saruji na mchanga. Tambarare haina neno. Nikipata kilima kidogo na mzigo, taa inawaka. Nimesafisha rejeta nje. Ndani natia maji ya kisima kwa sababu kulanti ni ghali na yanapungua pungua. Fundi aling'oa thamostati mwaka jana, ikatulia kidogo, sasa imerudi palepale. Naambiwa ninunue pampu.

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Kaka, usinunue pampu bado. Ukisoma maelezo yako mwenyewe, jibu lipo kwenye maji ya kisima. Maji ya visima vya kanda yenu yana chumvi nyingi, na ukiongeza mara kwa mara unaongeza chumvi kila mara, maana yanayopotea ni maji, chumvi inabaki. Inaganda kwenye kuta za ndani za rejeta na ndani ya silinda. Ukoko huo haupitishi joto vizuri. Tambarare kwa mzigo mdogo rejeta iliyoziba nusu inatosha, mlimani haitoshi.

Pima hivi. Washa mpaka ipate joto kamili na feni iwake, kisha zima. Pitisha mkono karibu na uso wa rejeta bila kugusa, au tumia kile kipimajoto cha bastola. Joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka. Ukikuta kipande kizima kiko baridi katikati ya eneo la moto, mirija ya hapo imeziba.

Ikipoa, fungua bolti ya kumwagia (mara nyingi iko chini ya pampu, ina washa yake, itunze), kinga beseni, chomoa mipira ya juu na ya chini. Ingiza maji safi kwa mpira wa bustani kutokea chini yatokee juu, kinyume na njia yake ya kawaida. Presha ndogo. Endelea mpaka yatoke meupe. Nje pia, piga maji kutokea nyuma kuelekea mbele ili tope litoke lilikoingilia. Wale wa kuosha magari wakikupigia mashine ya presha kwa karibu, vile vibati vyembamba vinalala na upepo haupiti tena. Vilivyolala vinyanyue taratibu kwa bisibisi nyembamba, ukitoboa hata mrija mmoja umepata kazi nyingine.

Ukoko ukiwa mgumu kiasi kwamba maji hayautoi, hapo rejeta ndiyo ya kununua.

Baada ya hapo tia kulanti nusu na maji yasiyo na madini nusu. Yale ya kuongezea kwenye betri yanafaa, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo inauzwa asidi ya betri. Ukitia asidi umemaliza rejeta na injini. Kulanti iliyoandikwa kwamba imeshachanganywa usiiongeze maji. Chagua inayofaa aluminiamu na isiyo na silikati, maana silikati inakwangua sili za pampu ndogo kama hizi. Rangi ya kijani au nyekundu haikuambii ubora, ni rangi tu, na mtu anaweza kutia rangi kwenye maji ya bomba akakuuzia.

Na rudisha thamostati.

Fundi (Mombasa)

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Kwa heshima zote, hapo kwa thamostati sikubaliani nawe. Huku kwetu pwani joto ni la mwaka mzima, hakuna baridi ya kuhitaji injini ipashwe. Sisi tukiipata redieta inasumbua, thamostati twaitoa, na wateja hawarudi. Thamostati ikikwama imefungwa, mtu apoteza injini barabarani. Bora isiwepo.

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Waleikum salaam, fundi wangu. Hoja yako naielewa, na ni kweli kwamba ikikwama imefungwa inaua. Lakini thamostati haiangalii hali ya hewa ya nje, inaangalia joto la ndani ya injini. Hata Mombasa, kati ya nyuzi 30 za hewani na nyuzi 80 ambazo injini inataka kufanyia kazi kuna pengo kubwa. Bila thamostati, ukiwa mwendoni injini inakaa chini ya joto lake. Petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inateremka kwenye oili, na maji yanayozalishwa na mwako yanabaki kwenye oili yakitengeneza utope. Pikipiki za injekta ndiyo zaidi: sensa inaiambia kompyuta injini bado baridi, nayo inaongeza petroli bila kukoma. Mteja harudi kwako kwa joto, anarudi baadaye kwa ulaji wa mafuta na ringi zilizokwisha, naye hawezi kuunganisha mambo hayo mawili.

La pili linahusu injini zenye njia ya mkato ya maji. Katika baadhi yake, thamostati ikifunguka inaifunga njia ile, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Hapo utakuwa umeongeza kuchemsha kwa mkono wako mwenyewe.

Kuipima hakuhitaji karakana. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Joto la kuanza kufunguka mara nyingi limegongwa kwenye chuma chake. Zipo za nyuzi 71, zipo za 82. Ianze kufunguka karibu na hapo, ifunguke vizuri maji yakiwa karibu kuchemka, na ikipoa ifunge yenyewe. Ikipita, irudishe. Isipopita, nunua nyingine. Sufuria hiyo usiipikie tena, kulanti ni sumu.

Fundi (Mombasa)

Hiyo ya njia ya mkato nimekusikia, na nina injini moja hapa nitaifungua niitazame. Niongeze jambo juu ya pampu. Vijana wengi waambiwa pampu imekufa kwa kutazama nje. Fungua kifuniko chake, skrubu chache tu, ushike ile feni ya ndani kwa vidole. Isicheze kwenda juu na chini, na isizunguke peke yake shafti ikiwa imesimama. Tazama pia mapanga yake. Mahali walipotia maji ya chumvi, nimekuta mapanga yameliwa mpaka yamebaki vijiti. Pampu yazunguka, maji hayaendi. Na ukifunga, weka oringi mpya, ile ya zamani ishalala.

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Shukrani sana fundi. Dodoma, ukishasafisha rejeta fungua na kifuniko cha pampu kama alivyoeleza fundi, kwa sababu chumvi ile imepita na huko.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi yangu ni ya foleni. Kutoka Mbagala hadi mjini asubuhi inachemsha, nikifika barabara iliyo wazi inashuka. Lakini feni INAZUNGUKA, naiona kwa macho. Tena ni mpya, nilibadilishiwa mota baada ya ile ya kwanza kufa. Maji yamejaa, mfuniko nimebadilisha. Sasa tatizo ni nini tena?

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Mkuu, kuzunguka hakutoshi, izunguke upande unaotakiwa. Mota hizi ni za umeme wa betri. Ukigeuza chanya na hasi zinazunguka kinyume bila kulalamika. Katika pikipiki nyingi feni iko nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele, ipite rejeta, itokee upande wa injini. Ikigeuzwa inachukua hewa ya moto ya injini na kuisukuma kwenye rejeta. Na ukiwa unasogea polepole kwenye foleni, inapigana na upepo wa mbele.

Acha injini ipate joto hadi feni iwake, kisha weka karatasi nyepesi mbele ya rejeta. Ikinata kwenye rejeta, feni iko sawa. Ikisukumwa kuja kwako, imegeuzwa. Angalia na upande wa nyuma ili uwe na uhakika, kwa sababu zipo chache ambazo feni imewekwa mbele.

Kwa wengine ambao feni haizunguki kabisa, fuateni hivi. Ichomoe soketi ya feni, uipe umeme wa betri moja kwa moja. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme inayoipa feni moto). Mara nyingi utakuta rilei nyingine ya aina hiyohiyo kwenye pikipiki, zibadilishane nafasi uone. Pikipiki za kabureta nyingi zina swichi ya joto kwenye rejeta: kama ina waya mmoja, uchomoe uuguse kwenye bodi swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, kama ina mbili, ziunganishe. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Njia hii msiitumie kwenye sensa ya pikipiki za injekta, zile nyaya zinakwenda kwenye kompyuta. Baadhi ya hizo, ukichomoa soketi ya sensa ya joto wakati umewasha, kompyuta inawasha feni yenyewe kwa tahadhari, na hapo unajua njia ya feni nzima iko hai.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Karatasi imeruka kuja usoni. Nyaya zilikuwa zimegeuzwa, nimezirudisha leo. Nimepita foleni ileile, imefika 102, feni ikawaka, ikashuka hadi 94. Nilishakaribia kununua rejeta. Ubarikiwe sana mkuu.

Mchangiaji (Mbeya)

Wakuu, yangu ni cc 200. Nimemwaga maji ya zamani na kutia kulanti mpya kama mlivyoelekeza. Kabla ya hapo ilikuwa inapanda kidogo tu milimani. Sasa ndani ya dakika tano taa imewaka! Mpira wa juu wa moto, wa chini baridi kabisa. Nimeharibu?

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Hujaharibu, usiiwashe tena kwanza. Mpira mmoja wa moto na mwingine baridi wakati taa imewaka maana yake maji hayazunguki. Kwa kuwa imetokea baada ya kumwaga, mtuhumiwa wa kwanza ni hewa iliyonasa. Hewa inakaa sehemu ya juu, kwenye hedi au nyumba ya thamostati, na pampu ikipata hewa haisukumi kitu.

Ikipoa kabisa, iegemeze kwenye stendi ya pembeni kisha inyanyue tairi la mbele juu ya tofali au ubao, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Kama kuna bolti ndogo ya kutolea hewa kwenye nyumba ya thamostati au juu ya pampu, ilegeze mpaka yatoke maji bila mapovu, kaza. Jaza rejeta polepole. Minya minya mipira kwa mkono, utaona mapovu yakitoka na maji kushuka, ongeza. Washa bila mfuniko, iache iungurume yenyewe, mara mojamoja gusa resi kidogo. Thamostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza tena. Yakianza kutaka kumwagika, zima, funga mfuniko, jaza tanki la akiba hadi mstari wa juu. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi fungua uangalie tena, mara nyingi itakuwa imevuta kidogo.

Mchangiaji (Mbeya)

Nimefanya yote. Mpira wa chini sasa unapata moto, lakini mapovu hayaishi. Nimesubiri sana, bado yanatoka mfululizo, na nikigusa resi maji yanaruka nje ya mdomo wa rejeta. Asubuhi nimewasha ikiwa baridi nikiwa nimefunga mfuniko, ndani ya dakika moja mpira wa juu umekuwa mgumu kama jiwe.

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Pole mkuu. Hewa iliyonasa huwa inakwisha. Mapovu yasiyokwisha, tena yanayoongezeka ukigusa resi, ni moshi wa mwako unaopenya kwenye maji. Na maji baridi hayawezi kujenga shinikizo kwa dakika moja kwa njia ya joto. Gasketi ya hedi imeachia, au hedi imepinda. Pengine ndicho kilichokuwa kinapandisha joto milimani tangu mwanzo, na kilikuwa kidogo.

Thibitisha kabla ya kufungua. Ukiwa na maji yamejaa na mfuniko umefungwa, iache usiku kucha. Asubuhi toa plagi, ziba tundu kwa kitambaa, irudishe plagi kwenye kofia yake na uiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu, kisha zungusha kwa stata kidogo. Kitambaa kikilowa kulanti, maji yanaingia kwenye silinda. Stata ikikataa kuzungusha kabla hujatoa plagi usiilazimishe. Silinda ikijaa maji, utapinda konrodi. Tazama oili pia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage kabla hujaiwasha tena, bei yake ni ndogo kuliko ya beringi.

Fundi (Mombasa)

Na ukishafungua hedi, usikimbilie gasketi mpya ukafunga. Isafishe kwa kipande cha mbao au plastiki, si kwa chuma chenye makali, aluminiamu yachunika. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Injini nyingi za aina hii mwisho wake ni milimita 0.05. Fila ya 0.05 ikipita popote, hedi imepinda. Pima na uso wa silinda pia.

Mchangiaji (Mbeya)

Kitambaa kimelowa. Nimefungua. Gasketi imeungua kati ya silinda na njia ya maji, upande wa ekzosi. Fila ya 0.05 inapita hapohapo katikati. Oili ni safi. Sasa?

Mwanzisha uzi (Morogoro)

Hapo kazi ya nyumbani inasimama kidogo. Ipeleke hedi kwa mchonga vyuma mwenye mashine aisawazishe, mwambie atoe kidogo iwezekanavyo, maana ukila sana unapandisha mgandamizo na injini itaanza kugonga. Usikubali kusugua kwa msasa juu ya kioo kama hedi imepinda hivyo.

Ukirudi, matundu ya bolti yawe makavu kabisa. Maji au oili chini ya bolti yanadanganya kipimo cha kukaza. Gasketi mpya ifungwe kavu, isipakwe silikoni kama mtengenezaji hajasema. Azima spana ya kupima nguvu ya kukaza, na namba zake uzitoe kwenye kitabu cha pikipiki yako, si cha jirani. Kaza kwa msalaba, kwa hatua mbili au tatu, hadi kipimo. Pangilia taimingi (vali zifunguke kwa wakati wake na pistoni) kwa alama zake, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya kranki kabla ya kugusa stata, halafu pima nafasi za vali upya kwa sababu kemshafti (shafti inayosukuma vali) ilitolewa na kurudishwa.

Badilisha mfuniko wa rejeta, toa hewa kama ulivyofanya mwanzo. Kulanti uliyomwaga usiiache kwenye beseni uani: ni tamu, mtoto au mbwa akiinywa inaua figo. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko mbali nao.

Ukifunga, tuletee joto la kwanza ukipanda mlima.

Mchangiaji (Dodoma)

Mimi nimefungua kifuniko cha pampu. Mapanga mawili yamebaki nusu, fundi wa Mombasa alisema kweli. Rejeta imetoa maji ya kahawia nusu saa nzima. Nanunua pampu na thamostati, kisima basi.